Alama ya mdundo, kipimo cha wakati, mkono wa mrushaji au rada: mpigaji wa gemu ya kriketi asaidiwe na kipi?

Kati ya mstari wa mrushaji na mstari wa mpigaji kuna mita 17.7 hivi. Mpira wa kasi ya kilomita 140 kwa saa unaimaliza nafasi hiyo kwa takribani nusu sekunde. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, mchezaji anaona picha zisizozidi 30 tangu mpira uachiwe hadi ufike kwenye gongo. Simu inayojikongoja kwa fremu 30 inamwonyesha nusu ya hizo kwa muda uleule.

Ndani ya muda huo mpigaji ana maswali manne. Mpira utadunda wapi? Utanifikia lini? Ni mpira wa aina gani, yaani utanyooka, utapinda hewani au utageuka ukidunda? Na niupeleke wapi? Mpigaji wa uwanjani anayajibu kwa macho mawili yanayopima kina. Mwenye pedi ya gemu au simu ana kioo bapa tu, kwa hiyo mbunifu humchorea kitu cha kumsaidia. Ubishi huanzia hapo: achore nini?

Kuuliza msaada upi ni bora hakukufikishi mbali, kwa sababu kila mmoja unajibu swali tofauti. Ukishaamua ni swali lipi kati ya hayo manne unalotaka mchezaji alihangaikie mwenyewe, lile ambalo ndilo raha ya gemu yako, machaguo mengi yanajichuja yenyewe.

Mizani tutakayotumia

Machaguo yote manne nitayapima kwa vigezo vilevile. Kwanza, swali ambalo msaada unalijibu kwa niaba ya mchezaji. Pili, macho: unayavuta wapi mpira ukiwa hewani. Tatu, mafunzo: msaada ukizimwa, mchezaji anabaki na ujuzi gani. Nne, haki: unaleta nini pale watu wawili wanapochuana, na unasomekaje kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani (miongoni mwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ni karibu mmoja kati ya 12, kwa hiyo si kundi la kupuuza). Tano, kazi ya kuutengeneza.

Kigezo cha macho ndicho wabunifu wengi hukiruka, na ndicho kina ushahidi mzuri. Mwaka 2000 Michael Land na Peter McLeod walichapisha utafiti katika jarida la Nature Neuroscience baada ya kufuatilia macho ya wapigaji wa kriketi. Waligundua kwamba mpigaji haufuati mpira njia nzima. Anautazama unapoachiwa, kisha macho yanaruka mbele hadi pale anapotarajia utadunda, yanausubiri hapo, halafu yanaufuata kwa kitambo baada ya mdundo. Aliye hodari zaidi huruka mapema zaidi. McLeod alikuwa ameonyesha pia, mwaka 1987, kwamba mpigaji anahitaji takribani milisekunde 200 kubadili pigo kwa kile alichokiona. Mpira wa kasi uliodunda mita sita kutoka kwenye vijiti vya wiketi hauachi hata muda huo. Mengi yameshaamuliwa kabla ya mdundo.

Kwa hiyo msaada wowote unaoyatoa macho kwenye mkono wa mrushaji au kwenye eneo la mdundo unamnyang'anya mpigaji kitu, hata kama unampa kingine.

Alama ya mdundo

Ni duara au doa linalochorwa kwenye pichi, yaani ukanda wa katikati ya uwanja, mahali mpira utakapodunda. Waliocheza Cricket 07 ya EA Sports wanaikumbuka vizuri.

*Swali.* Inajibu "wapi", tena kwa pande zote mbili: umbali na mstari (kushoto au kulia). Haisemi mpira utageukaje baada ya kudunda, kwa hiyo mbele ya mrushaji wa spini, anayeuzungusha mpira ili ugeuke ukidunda, mpigaji bado ana kazi. Kuna jambo dogo hapa linalosahaulika. Kwa sheria za kriketi, mpira uliodunda nje ya kijiti cha upande wa miguu hauwezi kumtoa mpigaji kwa LBW (kutolewa kwa kuuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vijiti). Alama yenye usahihi wa sentimita inampa mchezaji mjanja ruhusa ya kuuzuia mpira huo kwa pedi za miguu siku nzima bila woga.

*Macho.* Inayapeleka mahali yalipotaka kwenda. Tatizo ni lini. Alama ikionekana mrushaji akiwa bado anakimbia, mchezaji anakodolea ardhi na mrushaji anageuka pambo. Ikionekana mpira unapoachiwa, anabaki na sababu ya kutazama mkono kwanza. Fremu ambayo alama inajitokeza ina uzito kuliko umbo lake, rangi yake na mapambo yake yote, lakini muda mwingi wa wabunifu unaishia kwenye mapambo.

Kamera nayo inaingilia. Ikikaa chini nyuma ya mpigaji, mita 20 za pichi zinabanwa kwenye kipande kifupi cha kioo, na tofauti ya mita moja ya umbali inakuwa pikseli chache. Ukiipandisha, umbali unasomeka lakini kimo cha mpira kinapotea. Kabla ya kulaumu alama, jaribu kuinua kamera kidogo.

*Mafunzo.* Hapa ndipo ilipo dhaifu. Aliyecheza miezi mitatu na alama kali kisha akaizima hujikuta mgeni kabisa. Tiba ninayoipenda ni kuifanya eneo badala ya nukta: mpigaji anapoingia anapewa doa pana lenye ukungu, na kila anavyokaa na kucheza mipira linajikusanya. Hiyo inafanana na kriketi yenyewe, ambako aliyetoka kuingia yuko hatarini na aliyekaa saa nzima anauona mpira vizuri. Ila ujue unamwongezea nguvu ambaye tayari anafanya vizuri.

*Haki.* Watu wawili wakicheza kwenye kioo kimoja, mrushaji akilenga kwa alama, mpigaji anaiona. Hili limewatesa wabunifu tangu zamani. Unaweza kuficha shabaha na kumwongoza mrushaji kwa mtetemo wa pedi, au kuifuta kabla mpira haujaachiwa na kuacha mpira utawanyike kidogo kulingana na uwezo wake. Upande wa rangi, usitenganishe mpira mfupi (unaodunda mbali na mpigaji) na mrefu (unaodunda karibu naye) kwa nyekundu na kijani tupu. Pete, msalaba na mraba vinasomwa na kila mtu.

*Kazi.* Ni nyepesi, kwa kuwa gemu tayari imekokotoa mdundo. Mtego uko kwenye swingi, yaani mpira kupinda hewani. Mpira ukipinda hewani, alama iwekwe pale utakapodunda kweli, na hapo umefichua swingi kabla haijatokea? Au ianze mahali pengine na kusogea, na mchezaji aone kama amedanganywa? Amua mapema, kisha mweleze mchezaji kanuni yake.

Inawafaa wachezaji wapya, skrini ndogo, na watu ambao hawajawahi kutazama kriketi.

Kipimo cha wakati

Ni pete inayojibana kuelekea mpira, au mstari wenye sindano na ukanda wa katikati. Unabonyeza vinapokutana.

*Swali.* Kinajibu "lini". Kina pacha wake ambaye watu humchanganya naye: neno linalotokea baada ya pigo, kama "mapema", "barabara" au "umechelewa". Hivi viwili nitavitenganisha, maana tabia zao ni tofauti mno.

*Macho.* Kipimo kilichowekwa pembeni ya kioo ni balaa. Mchezaji anaacha kutazama kriketi na kuanza kutazama sindano. Pete iliyo kwenye mpira wenyewe au miguuni pa mpigaji ina nafuu. Neno la baada ya pigo halichukui chochote, kwa sababu mpira umeshaondoka. Na sauti ya gongo, ikirekodiwa kwa uangalifu, inasema yaleyale bila kuchora kitu: pigo la katikati ya gongo lina mlio mmoja, la ukingoni lina mwingine.

Kosa kubwa kwenye pete ni kuifanya moja kwa mapigo yote. Draivu, pigo la kuusukuma mpira mbele, inaukuta mpira mbele ya mguu. Mkato, pigo la kuukata mpira kwenda kando, unaukuta ukiwa sambamba na mwili au umeshapita kidogo. Pete isiyojua mchezaji amechagua pigo gani inamdanganya kwenye nusu ya mapigo, naye ataamini kwamba mkato wa gemu yako ni mbovu. Kama hutaki kupanga wakati wa kila pigo, afadhali usichore pete kabisa.

*Mafunzo.* Pete inafundisha pete. Neno la baada ya pigo linafundisha kriketi, polepole, kwa sababu mchezaji anaanza kuunganisha mwendo wa mrushaji na matokeo yake.

*Haki.* Kuna adui asiyeonekana: kuchelewa kwa kioo. Kwenye fremu 60, fremu moja ni milisekunde 16.7. Ukimpa mchezaji ukanda wa fremu mbili kila upande, televisheni inayochelewesha picha kwa fremu nne imeshamtoa nje kabla hajakosea. Gemu za muziki zilikumbana na hili zamani na zikaweka ukurasa wa kusawazisha. Gemu ya kriketi yenye kipimo kikali inahitaji ukurasa huohuo. Katika mechi za mtandaoni shida inaongezeka, kwani kila upande una ucheleweshaji wake.

*Kazi.* Kuchora ni kazi ya siku moja. Kusawazisha kila pigo, kila kasi ya mpira na kila kifaa ni kazi isiyokwisha.

Kinawafaa wanaotaka gemu ya vidole, mechi fupi na pointi nyingi, na wanaocheza kwa kitufe kimoja au viwili.

Mkono wa mrushaji

Hapa huchori kitu juu ya uwanja. Unaufanya uwanja wenyewe useme: namna vidole vinavyoshika mpira, kifundo kinavyogeuka, mshono unavyoelekea. Don Bradman Cricket 14 ya Big Ant Studios ilielekea njia hii. Haikumwekea mpigaji alama ya pichi iliyozoeleka, ikampa vijiti viwili vya pedi, kimoja cha mguu na kingine cha pigo.

*Swali.* Unajibu "aina gani", na nusu ya "wapi". Mrushaji wa spini ya kifundo anapotupa gugli, mpira unatoka kwa nyuma ya mkono na kugeukia upande usiotarajiwa. Kwenye swingi ya kawaida, mpira unapinda kuelekea upande wake uliochakaa, mshono ukielekezwa hukohuko. Dalili hizi ni za kweli, na mtu akizisoma anastahili zawadi yake.

*Macho.* Hakuna msaada unaolingana zaidi na jinsi mpigaji anavyotazama, ila kuna hesabu inayouma. Chukua kamera iliyo mita 22 kutoka kwa mrushaji, yenye pembe ya wima ya nyuzi 30, kwenye kioo chenye pikseli 1080 kwa wima. Umbali huo kamera inaona karibu mita 12 kwa kimo. Mpira wenye kipenyo cha sentimita 7 hivi unapata pikseli sita au saba. Mshono wake ni pikseli mbili. Hakuna jicho litakalousoma. Ukitaka njia hii ifanye kazi lazima ukuze: kidirisha kidogo kinachoonyesha mkono kwa karibu, kamera inayosogea wakati wa kuachia, au mpira uliochorwa mkubwa kuliko halisi kwa fremu chache za kwanza. Wapenda uhalisia watalalamikia hilo la mwisho. Waonyeshe gemu isiyo nalo.

*Mafunzo.* Ndio unaoacha ujuzi mwingi zaidi, na unaokatisha tamaa haraka zaidi. Saa za kwanza mchezaji mpya anatolewa mara kwa mara bila kujua kwa nini. Bila marudio ya polepole yanayomwonyesha mkono baada ya kutolewa, hajifunzi, anabahatisha tu.

*Haki.* Wote wanaona kitu kilekile, na rangi haina nafasi kubwa. Lakini skrini ndogo inaonewa. Na ukiwa na mwendo mmoja tu wa gugli, wachezaji wataukariri kwa picha ya kiwiko kabla hata ya mpira kuonekana, na fumbo litakuwa limekufa. Unahitaji miendo kadhaa inayofanana, yenye tofauti ndogo mahali panapostahili.

*Kazi.* Ni nzito kuliko zote, na hapa timu ndogo hushindwa. Kila aina ya mpira inahitaji mwendo wake kwa mtupo wa mkono wa kulia na wa kushoto.

Unawafaa wapenzi wa kriketi waliokwisha kuizoea, skrini kubwa, na mechi ndefu zinazoruhusu mtu kumsoma mpinzani wake ova (mipira sita ya mrushaji mmoja) baada ya ova.

Rada ya uwanja

Duara dogo lenye nukta za wachezaji 11 wa upinzani, mara nyingine likiwa na mshale wa mwelekeo wa pigo. Inajibu swali la nne tu: niupeleke wapi. Kwa upande wa haki ndiyo isiyo na ugomvi, kwa sababu mpigaji halisi naye hutazama pande zote kabla mrushaji hajaanza kukimbia. Kuitengeneza ni rahisi.

Macho ndiyo yanayoamua hatima yake. Rada inayobaki kwenye kona mpira ukiwa hewani inamwalika mchezaji aitazame wakati mbaya kuliko wote. Ionyeshe kubwa kati ya mpira na mpira, ianze kufifia mrushaji anapoanza kukimbia, iwe imetoweka kabla hajaruka. Mchezaji atalazimika kuukumbuka uwanja kichwani, na huo ndio ujuzi wenyewe. Katika mechi za ova 20, ambapo ova sita za mwanzo huruhusu wachezaji wawili tu nje ya duara la yadi 30, chora duara hilo pia, maana nukta peke yake hazimwambii nani yuko ndani.

Jambo la mwisho: ielekeze kufuata kamera. Ukiigeuza kwa mpigaji wa mkono wa kushoto huku kamera imebaki ilivyo, utamfanya apige kuelekea kwa mtu aliyedhani amemkwepa.

Inamfaa karibu kila mchezaji, lakini peke yake haimsaidii mtu kuugusa mpira.

Viwili vya kupitia haraka

Mstari unaochora njia nzima ya mpira hewani, mithili ya Hawk-Eye, mfumo wa kamera unaofuatilia njia ya mpira, iliyoanza kuonekana kwenye matangazo ya kriketi ya Uingereza mwaka 2001, unajibu karibu maswali yote kwa pamoja. Unapendeza kwenye mazoezi na kwenye marudio. Ndani ya mechi unabakiza vidole tu. Kupunguza kasi ya dunia mpira unapoachiwa ni msaada wa kweli kwa wenye mikono mizito, na ningeuweka kwenye mipangilio ya gemu ya mtu mmoja, ila mtandaoni hauwezekani bila kumpunguzia kasi na mwenzake.

Ukichagua kwa hali yako

Gemu ya simu, mechi za dakika tano, vidole viwili: alama ya mdundo inayojitokeza mpira unapoachiwa, pamoja na neno la baada ya pigo. Mkono wa mrushaji hautaonekana kwenye kioo hicho, usiutumie bajeti.

Gemu ya vidole ambamo mtu anataka kupiga sita (kuutoa mpira nje ya uwanja bila kugusa ardhi) kila mpira: kipimo cha wakati, pete ikiwa kwenye mpira, yenye wakati tofauti kwa kila pigo. Weka ukurasa wa kusawazisha kioo siku ya kwanza. Ukiuahirisha, maoni ya wachezaji yatajaa malalamiko kuhusu pigo lisiloitika.

Gemu ya mechi ndefu kwa wanaoijua kriketi, kwenye televisheni au kompyuta: mkono wa mrushaji uliokuzwa, rada inayofifia, na marudio ya polepole kila mpigaji anapotolewa. Acha alama ya mdundo kwenye mipangilio kama eneo pana, kwa anayeihitaji.

Ukiwa na wachezaji wa ngazi tofauti, mpangilio mmoja wa "rahisi, wastani, ngumu" unawafungia watu wasivyotaka. Kuna mwenye vidole vyepesi asiyejua gugli ni nini, na kuna aliyecheza kriketi maisha yake yote lakini mikono imechoka. Ruhusu kila swali kati ya manne liwe na swichi yake.

Wawili kwenye kioo kimoja: rada kwa wote, shabaha ya mrushaji ifichwe kwa mtetemo, na alama ya mdundo izimwe kabisa au iwe pana kwa pande zote mbili.

Miwani ya uhalisia pepe: kina kimerudi, kwa kuwa kila jicho lina picha yake. Anza bila alama wala pete, ukiacha mkono wa mrushaji na sauti ya gongo tu, kisha ongeza kimoja kimoja pale wachezaji wa majaribio wanapokosa mpira mfululizo kwenye swali lilelile.

Na kama uko peke yako, na muda umebaki kidogo, tengeneza neno la baada ya pigo kwanza. Litakuonyesha wachezaji wako wanachelewa au wanawahi, na kwa mipira ipi, kabla hujachora hata duara moja kwenye pichi.